Nilipokuwa Mdomo wa Chama

Chama chetu cha akina mama hapa Bruxelles, Ubelgiji, kilikuwa na watu watatu wa mbele: mwenyekiti, mweka hazina, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kutunza kumbukumbu za chama na kutangaza habari zake. Kwa Kifaransa cheo hicho kina jina refu ambalo sijawahi kulimaliza bila kuvuta pumzi katikati. Wenzangu hawakujisumbua nalo, waliniita Radio. Siku za sherehe, wakitaka kunipamba, walisema mimi ndiye mdomo wa chama. Nilikaa na cheo hicho miaka mingi, na kalamu nilikuwa siigusi.

Niseme mapema kwamba shule niliachia darasa la tatu, kwetu Buyenzi, Bujumbura. Mama alijifungua mapacha na mimi nikatakiwa nyumbani kubeba mmoja. Huyo pacha niliyembeba leo ni mzee mwenye ndevu, lakini nikimpigia simu lazima nimuulize kama amekula, naye hukasirika. Bon, hayo si ya hapa. Nilichotaka kusema ni kwamba madrasa sikuachishwa, na kule nilijifunza kukariri. Neno likiingia kichwani mwangu lilikaa. Kwa hiyo wenzangu waliponichagua hawakunichagua kwa sababu ya maandishi. Walinichagua kwa sababu ya kichwa, na miguu, na huu mdomo.

Lakini ninayetaka kumsimulia hapa siye mimi. Ni rafiki yangu, ambaye ndani ya chama nilimwita dada wa jikoni. Alikuwa na jambo moja alilotaka kulisema kwa kinywa chake mwenyewe kabla hajaondoka Ulaya. Moja tu. Nitafika huko, mnivumilie nikitoka njiani, ndivyo nilivyo.

Kwanza mjue kazi ilivyokuwa. Tulikuwa tunakutana Jumapili, kila mwezi nyumba ya mwingine. Tulianza wanawake wa Bujumbura, wengi wetu Waislamu, halafu wakaja wa Uvira na Bukavu, tukawa mchanganyiko, wengine wanasali kanisani asubuhi halafu wanatukuta kwenye chai. Chai ikishamiminwa, mwenyekiti alinipa ishara na mimi nilisimama kuusoma mkutano uliopita. Tulisema kuusoma, ingawa karatasi haikuwepo. Nilisema nani alikuja, nani alituma salamu, nani alisema nini na mwenzake akamjibu nini. Nilitia hata sauti zao. Wanawake walicheka mpaka wakamwaga chai. Nikikosea walinikata pale pale: "Ee, Radio, mimi sikusema hivyo, nilisema shemeji ni mvivu, sikusema ni mwizi!" Nilisahihisha, tukaendelea. Mkutano ukishasemwa na watu wakaukubali, ulikuwa umeandikwa.

Upande wa kutangaza ndio ulikuwa mzito. Kwetu habari ya msiba haipelekwi kwa simu. Mtu akifiwa na mzazi kule nyumbani, ndugu zake wa kule walinipigia mimi, siyo yeye. Mimi nilikuwa na simu ya ukutani, tena nilikuwa huru mchana, kwa sababu nilisafisha maofisi kwenye yale maghorofa ya Gare du Nord alfajiri, na wenye maofisi walipoanza kuingia na vikombe vyao vya kahawa mimi nilikuwa natoka. Basi nilimchukua mwenzangu mmoja, tukaenda mpaka mlangoni kwa mfiwa. Unaingia, unaomba maji, unauliza habari za watoto. Unahakikisha ameketi, unahakikisha hakuna sufuria motoni. Ndipo unasema. Ukishasema hutoki, unakaa mpaka wengine wafike.

Sasa tatizo likawa hili: wakazoea. Wakawa wakiniona mlangoni asubuhi na mtandio wangu mweupe wanaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Siku moja nilikwenda kumwambia mama mmoja kwamba harusi ya binti wa mwenzetu imesogezwa mbele. Alinifungulia, akanitazama, akaanguka chini akipiga kelele: "Nani? Nani?" Ilibidi nikanunue mtandio mwekundu wa habari njema. Kuanzia hapo nilitembea na yote miwili kwenye mkoba, nabadilisha kwenye ngazi kabla ya kugonga.

Ndiyo kazi niliyoijua. Sasa dada wa jikoni.

Chama kilizaliwa kwenye jiko lake pale Laeken. Nasema lake, lakini halikuwa lake, alikuwa amehifadhiwa na familia moja, analala sebuleni na watoto wao. Ilikuwa miaka ile ya vita kwetu, na kila wiki kulikuwa na aliyefiwa. Yeye ndiye aliyesema kwanza kwamba si vizuri mtu alie peke yake katika chumba, Ulaya, na majirani wanagonga ukuta. Akabandika sufuria. Tukaanza kwenda kulia pale na kula pale. Alipika ndagala, wale dagaa wakavu wa Tanganyika, na ile harufu ilipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu. Mzee mmoja wa Kibelgiji akawa anashuka kulalamika kila mara, mpaka siku moja dada alimpa sahani. Akala amesimama mlangoni. Tangu hapo alikuwa anashuka kuuliza kama hatupiki.

Huyu dada hakuwa na makaratasi ya kuishi hapa. Miaka mingi. Kwa hiyo ndani ya chama tulikubaliana asitajwe jina. Kwenye kumbukumbu zangu nilisema "dada wa jikoni amesema hivi," kila mtu akajua. Na picha zikipigwa, yeye ndiye aliyeshika kamera. Aliogopa sura yake isije ikafika mahali. Hakuna aliyemlazimisha, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono: "Leteni, nipige mimi, nyinyi mnakata watu vichwa." Na kweli alijua kupiga. Tuna picha za kila harusi, kila aqiqa, sote tunacheka tukimtazama yeye, na yeye hayumo hata moja.

Kuongea kwake kulikuwa kwa taratibu sana. Anasema neno, anasimama, analitazama, analeta la pili, kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo. Mimi, mshanijua. Kwa hiyo tangu mwanzo nilimsemea. Kwa wakili nilimsemea, kwa daktari nilimsemea, kwenye dirisha la komini, ile ofisi ya serikali ya mtaa, karani akimuuliza yeye jina la mama yake, mimi nalitaja. Hata sokoni, yeye anashika nyanya, mimi nauliza bei. Hakulalamika. Alikuwa akinitazama tu, yaani sema, na mimi nasema. Makaratasi yalipotoka hatimaye, karani alinipa mimi ile kalamu ya kutia sahihi. Tulicheka mpaka kwenye tramu.

Baadaye mambo yakabadilika, na sitasema yalibadilika vibaya. Chama kikakua. Komini ikatuambia tukitaka ukumbi lazima tujiandikishe, tuwe na sheria, na kumbukumbu za mikutano ziwe kwenye karatasi, zimetiwa sahihi. Kichwa changu hakitiwi sahihi. Mwenyekiti wetu, mama wa Uvira, mwenye moyo mzuri na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, alinivuta pembeni jikoni kwake.

"Maman Radio," aliniambia, "weye tunakuheshimu sana, unajua. Donc tunakupatia cheo kubwa. Présidente d'honneur."

"Mwenyekiti wa heshima? Nitafanya nini humo?"

"Hautafanya kitu. Utaikala mbele."

"Mbele wapi?"

"Kwa kiti ya mbele, maman! Alors, si uko unachoka na miguu?"

Nilisema sawa. Nilikuwa nachoka kweli. Lakini nilipofika nyumbani niliitoa ile mitandio miwili kwenye mkoba, nikaitazama, sikujua niiweke wapi.

Nafasi yangu alichukua binti wa mmoja wetu, aliyezaliwa hapa hapa. Amesoma mambo ya habari, anafanya kazi ofisini Porte de Namur, na Kiswahili chake kina Kifaransa ndani kama zabibu kwenye pilau. Mtoto mwenye adabu. Aliniita tantine, yaani shangazi, akanibusu mashavuni, akaja nyumbani na keki kunieleza atakavyofanya. Mikutano aliiandika huku watu wanaongea, na kabla hatujavaa viatu karatasi imeshafika kwenye simu ya kila mtu. Sherehe aliitangaza kwa tangazo moja lenye rangi na picha, asubuhi moja, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Kwa sherehe kama hiyo mimi nilikuwa nazunguka mji wiki nzima, Laeken, Anderlecht, Molenbeek, nakunywa chai kila nyumba mpaka tumbo linalia, na nusu ya viti vinabaki vitupu. Lazima niseme ukweli huo.

Msiba tu ndio tulibishana. Alitaka kuuweka kwenye kundi la simu. Nilimwambia mfiwa naye yumo kwenye kundi, ataona wapi, kwenye basi? Akasema, "Bon, tantine, hiyo endelea nayo wewe." Basi mtandio mweupe ukabaki na kazi.

Alipokuwa anatayarisha sherehe ya chama kutimiza miaka yake, akaja na wazo la filamu fupi. Kila mama wa mwanzo akae mbele ya simu, aseme chama kilianzaje na yeye anakumbuka nini. Pamoja na picha za zamani. Alimwaga picha zote mezani kwangu, akawa anauliza huyu nani, huyu nani, mimi namtajia. Mwisho akauliza:

"Na huyu tantine mnayemsema kila siku, wa jikoni? Yuko wapi?"

"Ndiye aliyeshika kamera."

"Kwenye hii?"

"Kwenye zote."

Alizitazama tena, moja moja. "Donc hayupo."

"Yupo," nilimwambia. "Sisi tunamtazama nani?"

Yule mtoto akazikusanya picha polepole, akasema huyo ndiye atakuwa wa kwanza kwenye filamu, na dakika zake zitakuwa nyingi kuliko za wote.

Wakati huo rafiki yangu alikuwa ameamua kurudi Bujumbura kabisa. Binti yake alimjengea nyumba kule, yenye baraza na bomba la maji uani, na magoti yake yalikuwa yamechoka na baridi. Tiketi ilikuwa ya siku chache baada ya sherehe. Tulikwenda pamoja Porte de Namur, kwenye maduka ya Matonge, kuchagua kitenge cha sare. Muuzaji alitaka vingt-cinq, yuro ishirini na tano, mimi nikawa nimeshaanza kupiga kelele za bei, rafiki yangu akanishika mkono.

"Yule mtoto amenipigia," akasema. "Wa filamu."

"Najua. Usiogope, nitakuja nawe."

"Siogopi." Akasimama kidogo, kama kawaida yake. "Safari hii nataka nijisemee."

Nilicheka. "Wewe? Utaanza leo umalize wakati wa Ramadhani."

Akacheka na yeye, lakini hakuachia mkono wangu. "Nina neno langu. La siku nyingi."

"Neno gani?"

"Utalisikia na wenzako."

Nilimsumbua njia nzima anidokeze. Hakunidokeza. Ningejua kulitunza lile neno "nijisemee," ningelitunza kama nilivyotunza mengine yote. Lakini niliona ni utani wa dukani, nikarudi kwenye bei ya kitenge.

Siku ya kupiga filamu ilikuwa Jumamosi, kwake Laeken. Alikuwa tayari tangu asubuhi. Alivaa gauni la zamani alilolishona kwa harusi ya mwanawe, akajifunga kilemba kirefu, akatia wanja. Masanduku ya safari yalikuwa kando ya ukuta, akayafunika shuka nzuri ili yasionekane. Yule binti akasimamisha simu kwenye miguu mitatu ya chuma, akambandika kidude cha sauti kwenye kola. Rafiki yangu akakitazama kile kidude kwa heshima kabisa. Halafu akanigeukia.

"Dada, kaa hapa karibu. Nisitetemeke."

Nikakaa. Goti langu kwa goti lake.

"Tantine," binti akaanza, "chama kilianzaje?"

Rafiki yangu akavuta pumzi. "Siku ile..." akasema. Akasimama. "Kulikuwa na mvua..."

"Theluji," nikasema mimi.

"Tantine Radio!" binti akacheka. "Mwache aseme."

"Namwacha. Lakini ilikuwa theluji, mama wa watu alianguka ngazini."

Tukaanza upya. "Siku ile kulikuwa na theluji," akasema. "Mimi nilikuwa... jikoni. Nikasikia mtu..."

"Analia," nikasema. Wallahi sikujua kama nimesema. Lilitoka lenyewe. Tangu makomini, tangu kwa wakili, akisimama mimi naingia, ndivyo miili yetu ilivyozoea, yeye anaacha nafasi na mimi naijaza.

Mara ya tatu nikamsaidia jina la mtaa. Mara ya nne yule binti alisimamisha simu, akanijia, akanishika mabega kwa adabu na kunisimamisha. "Tantine, nakuomba. Nenda ukatutengenezee chai. S'il te plaît."

Nikaenda jikoni, nimenuna. Nikafungulia maji kwa nguvu ili wasikie kwamba nimenuna. Kule sebuleni rafiki yangu akaanza tena, taratibu, na safari hii alikwenda mbali. Nilimsikia anasimulia sufuria, yule mzee wa juu, sahani ya ndagala. Sauti yake ilikuwa imetulia. Akasema, "Sufuria ile alinipa mama mwenye nyumba..."

"Alikupa mama mkwe wake!" nikapiga kelele kutoka jikoni. "Mwenye nyumba alikukatalia!"

Nikasikia rafiki yangu anacheka. Alicheka kicheko kile cha kujipiga mapaja, mpaka wanja ukashuka. Binti naye akacheka, hata kama hakutaka. Nikatoka na chai, nikiwa nacheka pia, nikijiona nimechangamsha nyumba.

"Basi," rafiki yangu akasema akijifuta. "Mmeshasikia."

"Lakini tantine, uliniambia kuna neno unataka kusema. La mwisho."

Akaanza kukitoa kile kidude kwenye kola. Vidole vyake vilikuwa vizito, binti akamsaidia. "Imetosha, mwanangu. Chai itapoa."

Tukanywa chai, tukala sambusa. Nilirudi kwangu na tramu nimefurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilirudi nimefurahi. Nilijisemea moyoni, leo tumefanya kazi nzuri.

Siku mbili tatu baadaye binti akanipigia. Kwa sauti ya taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikisema milangoni kwa watu. Akaniambia angependa kurudi Laeken kurudia, na angependa aende peke yake.

"Peke yako utapata nini?" nikamwambia. "Yule haongei. Mimi namjua tangu hujazaliwa."

"Ndiyo, tantine. Lakini labda..."

"Labda nini? Nenda, utakaa mbele yake kama uko mbele ya friji."

Maneno hayo niliyasema mimi. Alikwenda hata hivyo, nasikia. Rafiki yangu alikuwa katikati ya masanduku, akampa maandazi ya njiani, akamwambia atumie tu ile ile, iko sawa, dada yangu amesema vizuri.

Siku ya sherehe ukumbi ulikuwa umejaa. Nilikaa kiti cha mbele, kile cha cheo changu, na rafiki yangu nikamketisha kando yangu, sote kwenye kitenge kimoja. Taa zikazimwa. Filamu ikaanza na yeye. Sura yake ilijaa ukuta mzima. Kwa mara ya kwanza chama kilimwona pichani, wanawake wakapiga vigelegele, vijana waliokuwa hawamjui wakauliza ni nani. Mzuri! Niliona uzuri wake kama sijamwona miaka yote ile. Anafungua mdomo, anasema, "Siku ile..." na sauti inayokuja ni yangu. Anafungua mdomo, sauti ni yangu. Binti alikuwa amejitahidi kukata na kuunga, lakini angefanya nini, mimi nilikuwa nimeingia kila mahali. Halafu ile kelele yangu kutoka jikoni, na yeye anavunjika kwa kicheko. Hapo ukumbi mzima ulilipuka. "Radio! Radio!" Watu walinipigia makofi. Mwenyekiti akanigeukia, akanipiga begani: "Maman, weye hata jikoni unatangaza!"

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa anatazama ukutani, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake dirishani. Filamu ikahamia kwa mama mwingine, naye bado anatazama.

"Ilikuwa nini?" nikamnong'oneza. "Lile neno lako."

"Baadaye," akasema.

Taa zikawashwa. Mwenyekiti akapanda jukwaani, akasema tuna dada anayerudi nyumbani, na kabla hajaenda atuage. Akamletea kipaza sauti mpaka mkononi. Rafiki yangu akasimama. Ukumbi ukanyamaza, hata watoto. Akakishika kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na midomo, na tukasikia pumzi yake kwenye spika zote. Moja. Ya pili. Nilijua anachagua neno. Nilijiambia kaa chini, kaa chini, shika kiti.

Akanigeukia. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama kwenye dirisha la komini. Na mimi nikawa nimeshasimama. Sikumbuki kusimama. Akanipa kipaza sauti.

"Sema wewe," akaniambia.

"Hapana. Neno ni lako. Niambie basi, nilirudie kama lilivyo."

Akatikisa kichwa. "Limekwenda. Sema tu, unajua."

Ukumbi wote unanitazama. Wanapiga makofi kunitia moyo. Basi nikasema. Nilisema vizuri, sitadanganya, nilisema ya sufuria, ya vita, ya kulia peke yako Ulaya, nikasema chama kina mama yake na huyu ndiye. Watu walilia. Yeye mwenyewe alilia, akanikumbatia mbele ya wote, na binti akapiga picha, na picha ile iko kwenye ukurasa wa chama mpaka leo. Lakini yale yalikuwa ya kwangu. Lake sijui lilikuwa nini. Labda lilikuwa shukrani, labda lilikuwa lawama, labda lilikuwa kitu kidogo tu kuhusu mama yake. Nimejaribu yote kichwani, na hakuna linalokaa.

Sasa yuko Bujumbura. Ananipigia Ijumaa baada ya swala, kwa simu ambayo yule binti wa filamu alimfungulia kabla hajasafiri. Nimejiwekea sheria. Akishasalimia, mimi nanyamaza. Nafunga mdomo, nauma hata shuka, nampa nafasi yote aitakayo. Naisikia ile pumzi yake, nasikia kuku wa jirani yake, nasikia mtu anafagia uani.

"Upo?" anauliza.

"Nipo."

"Mbona husemi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nakusikiliza. Sema wewe."

Anasimama kidogo. Nangoja. Nasema moyoni, sasa.

"Mimi nina la kusema basi?" ananiambia. "Huku jua tu na magoti. Hebu nipe habari za huko, Radio, nimekaa wiki nzima nangoja."

Nangoja tena kidogo, huenda. Halafu naanza kumpa habari.